Matazamio: Mabadiliko Kidogo

Katika taarifa ya hali ya hewa isomwayo redioni jioni mna sehemu moja ambayo sisi watu wa bara hatuna mazoea ya kuisikiliza. Msomaji akishaimaliza mikoa, akatwambia wapi kuna mawingu kiasi na wapi mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua, huigeukia pwani. Upepo unatarajiwa kuvuma kutoka kusini-mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Hali ya bahari inatarajiwa kuwa na mawimbi madogo hadi makubwa kiasi. Matazamio kwa kesho, mabadiliko kidogo. Hapo ndipo huku kwetu sauti ya redio hupunguzwa, yakaanza mazungumzo ya kahawa na bei ya mbolea. Mimi nimeisikiliza sehemu hiyo tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na mwanzoni kilichonivuta hakikuwa bahari, ambayo sikuwa nimeiona, bali lugha. Nilidhani nasikia shairi lisilo na mtunzi, lenye kibwagizo kimoja kila jioni.

Ruanda ninakoandikia si ile nchi jirani yenye vilima vyake. Ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, pembe ile ya Tanzania inayotazamana na Zambia. Kutoka hapa hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Maji makubwa tuliyo nayo jirani ni ya Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Nyasa upande wa pili. Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza mtu wa huku anatafuta nini katika kusi na kaskazi.

Jibu la kwanza ni kwamba upepo haukomei ufukweni. Miezi ya kaskazi ndiyo miezi yetu ya mvua, Novemba hadi Aprili, na kusi likishika ndipo mashamba yanapokauka na baridi inapoingia. Wataalamu wanatueleza kwamba mbali huko kusini, katika eneo la visiwa vya Mascarene, hujengeka mgandamizo mkubwa wa hewa, nao ukiimarika wakati wa kipupwe husukuma upepo kuja kwetu kutoka kusini-mashariki. Upepo huo huo unaomfanya mvuvi wa Makunduchi aliache tanga lake limekunjwa mwezi wa Julai ndio unaotufanya sisi wa nyanda za juu tuingize jiko la mkaa ndani. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wake wa miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi ya Mbeya, Njombe na Songwe na mawimbi ya bahari hutajwa katika tangazo moja. Sisi husoma nusu yetu nanyi mkasoma nusu yenu.

Jibu la pili ni la kazi yangu. Anayejipatia riziki kwa kufasiri huzoea kuyageuza maneno ya watu, ayatazame chini yana nini. Nimeigeuza taarifa ya bahari mara nyingi, na kila mara nimekutana na maneno matatu yasiyokaa vizuri mahali yalipowekwa.

La kwanza ni utabiri. Asili yake ni Kiarabu, na huko kazi yake maarufu ilikuwa kufasiri ndoto. Katika Kiswahili mtabiri amekaa mtaa mmoja na mnajimu na mpiga ramli. Ukimwita mtu wa hali ya hewa mtabiri umemtwika deni asiloweza kulilipa, kwani akisema mvua na mvua isinyeshe, watu hawasemi kuwa hesabu imekwenda upande wa pili. Husema amesema uongo. Huku Mbozi nimewasikia wakulima wenye akili timamu wakisema hivyo, nami siwalaumu, kwa kuwa neno lenyewe limewaahidi ujuzi wa ghaibu.

Aliyeianza kazi hii huko Uingereza aliiona hatari hiyo mapema. Robert FitzRoy, nahodha yule aliyemchukua Darwin katika meli ya Beagle, alishtushwa na maafa ya meli ya Royal Charter, iliyovunjika katika dhoruba ya Oktoba 1859 ikafa nayo halaiki ya watu zaidi ya 400. Akatumia telegrafu ya siku zile kukusanya habari za hewa kutoka bandarini, na mwaka 1861 akaanza kutoa maonyo ya dhoruba, kisha taarifa za kila siku magazetini. Kwa taarifa hizo alichagua neno la Kiingereza linalokaribia maana ya kutupa jicho mbele, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaeleza kwamba kazi yake si unabii wala si ubashiri, ni maoni yaliyotokana na hesabu na sayansi. Watu walimcheka hata hivyo kila alipokosea. Mwaka 1865 alijiua, na ingawa dhiki zake zilikuwa nyingi, dhihaka hizo hazikumsaidia. Sisi, katika kuifasiri kazi yake kwa Kiswahili, tukalichukua neno la jamaa ya yale aliyoyakataa yeye.

Na jambo la ajabu ni kwamba neno bora tunalo, na limo mle mle ndani ya taarifa, limefichwa mwishoni. Matazamio. Kutazamia ni kukaa mlangoni ukimngojea mgeni aliyesema huenda akaja. Hakuna anayemwita mwongo aliyemtazamia mgeni, mgeni asitokee. Laiti ningekuwa na amri, ningelitoa neno hilo mkiani mwa taarifa nikaliweka kichwani mwake.

Neno la pili ni dogo zaidi na lina hatari kubwa zaidi, nalo ni kiasi. Mawimbi madogo hadi makubwa kiasi. Ukiyarudisha maneno haya katika kipimo cha mawimbi kinachotumiwa na idara za hali ya hewa duniani, mawimbi madogo ni yale ya nusu mita hadi mita 1.25, na makubwa kiasi ni ya mita 1.25 hadi mita 2.5. Hapo tena unahitaji kujua kwamba kimo kinachotajwa si cha wimbi refu kuliko yote. Ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na wimbi moja moja katika kundi hilo laweza kuinuka hadi karibu mara mbili ya kimo hicho. Basi kiasi hiki ni kiasi cha nani? Kwa meli ya mizigo inayoingia Dar es Salaam na shehena itakayopandishwa malori hadi Tunduma na kuvushwa Zambia, mita 2.5 ni kiasi kweli. Kwa ngalawa yenye watu wawili na nyavu, ni ukuta. Mezani pa mtaalamu mizani ya neno ni moja, na anayelisikia akiwa ufukweni ana mizani ya chombo chake.

Jambo hili nilifundishwa na mtu asiyejua kuwa ananifundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, mwezi wa Julai, na asubuhi ile redio ilikuwa imesema kilomita 30 kwa saa. Tulipotoka nje ya kinga ya bara boti ikaanza kupanda na kushuka, watu wakaanza kugawana mifuko ya kutapikia. Karibu yangu alikaa mzee mwenye kofia ya vito, ametulia kama aliye barazani kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na katika kujituliza nikamwambia, mzee wangu, kilomita 30 ni kidogo, basi la Mbeya huenda zaidi ya mara mbili yake. Akanitazama kwa huruma.

“Mwanangu,” akasema, “kilomita ni za barabara.”

Nikamuuliza wao walikuwa wakipimaje. Akasema kuwa alipokuwa nahodha wa mashua hakuna aliyemuuliza upepo una ngapi. Waliuliza tanga, limebeba lote au limepunguzwa, na foromali imeshushwa kiasi gani. Waliuliza pia umetoka wapi na saa ngapi, kwani umande wa alfajiri utokao bara ni wa kutokea kuvua, na huo huo ukichelewa kufa jua likiwa limepanda, una jambo. Alinitajia majina ambayo nilikuwa nayo katika kamusi yangu kama mtu aliye na sarafu za nchi asiyowahi kuifikia: matlai, unaochukua jina kutoka mahali jua linapochomoza, maleleji, pepo za kigeugeu misimu inapobadilishana, tanga mbili, ule wakati wa katikati ambapo chombo chaweza kwenda juu au chini kadiri ya haja yake, na demani, mwisho wa kusi, upepo ukiisha ukali. Demani, akaniongezea, ni kamba pia, ile inayolizuia tanga. Msimu na kamba kwa jina moja! Nilishuka bandarini Malindi miguu ikitetemeka, na daftari limejaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiiona tofauti ya lugha hizi mbili kwa namna nyingine. Taarifa ya redio humwambia mtu upepo una nini. Maneno ya yule mzee humwambia afanye nini. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba lugha ya sayansi imeiua lugha ya mabaharia, maana sayansi yenyewe ilianzia hapo hapo. Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipoandika kipimo chake cha upepo, kile ambacho hadi leo kinatumika kikihesabiwa kutoka 0 hadi 12, hakuandika kasi. Aliandika ni matanga gani meli ya vita yaweza kuyabeba, mpaka kufikia upepo usioweza kuhimiliwa na tanga lolote. Kasi zilikuja baadaye, na baadaye tena yakaongezwa maelezo ya nchi kavu ili hata mtu asiye na chombo aweze kupima kwa macho. Hivyo kipimo cha 6, ambacho ni kilomita 39 hadi 49 kwa saa, ni pale matawi makubwa yanapotikisika, nyaya zinapopiga mluzi, na mwavuli unapokuwa taabu kuushika. Hapo hata mimi wa Ruanda naweza kuijua bahari. Mikaratusi iliyo nyuma ya nyumba yangu ikianza kuinama hivyo, najua kwamba kama ningekuwa Kizimkazi, leo si siku.

Na kabla ya Beaufort, kwa zaidi ya karne tatu, bahari hii ilikuwa na Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye elimu yake ya nyota, misimu na njia aliiandika kwa nathari na kwa mashairi pia. Urjuza yake iitwayo al-Sufaliyya inamchukua msafiri hadi pwani yetu ya mashariki ya Afrika na kuteremka mpaka Sofala. (Ile hadithi kwamba yeye ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 wanahistoria wengi hawaikubali tena, na nadhani ni heri kwa jina lake.) Sababu ya kutunga kwa beti haikuwa mapambo. Usiku, katika mrama, hakuna wa kufungua kitabu, bali ubeti uliokaa kifuani haulowi. Wapenzi wa ushairi wa gazeti hili mna hakika kuwa vina na mizani vilikuwa na kazi katika nyumba za ibada na za arusi. Hebu tukumbuke kwamba vilikuwa na kazi katika usukani pia. Watu wa pwani walioihesabu siku kwa miongo tangu Nairuzi walikuwa wakifanya jambo la ukoo huo huo, kuyapanga maarifa ya hewa mahali ambapo kumbukumbu huweza kuyashika.

Nalitaja hili kwa sababu neno la tatu ndilo lililonitia hofu zaidi, na lilikuja na kimbunga.

Mwanzoni mwa Mei 2024, huku msimu wetu wa mvua ukimalizika, redio ilianza kutaja kimbunga kilichokuwa baharini mashariki ya Mtwara kikielekea pwani. Vimbunga hutufikia kwa nadra sana. Mzunguko wa dunia, ambao ndio huipa hewa ule mviringo, hauna nguvu karibu na ikweta, na vingi vya upande huu huishia Madagaska, Msumbiji au bahari tupu. Lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu bandarini, na Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilimkaribia Mtwara kikaangukia kaskazi ya Msumbiji. Sasa hiki cha 2024 kikaitwa Hidaya. Majina ya vimbunga vya upande huu hupendekezwa na nchi za eneo hili na kupangwa kwa alfabeti kabla msimu haujaanza, na kilichofuata mwezi huo huo kiliitwa Ialy; hapakuwa na mtu aliyekusudia kejeli. Lakini mtu wa Mafia aliyeambiwa kuwa kesho inamjia Hidaya angesamehewa kwa kuuliza ni zawadi gani.

Hapo ndipo lilipo neno la tatu. Mamlaka hutoa maonyo yake kwa ngazi: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Wameweka na rangi pia, njano, chungwa na nyekundu, na rangi ni msaada kwa mwenye kuiona picha. Kwa anayesikiliza redio, kama mimi na kama wavuvi wengi, kuna maneno tu, na angalizo na tahadhari katika masikio ya Kiswahili cha kila siku ni ndugu wawili wa rika moja. Mwalimu akikwambia ana angalizo na daktari akikwambia uchukue tahadhari, ni nani aliyekuogofya zaidi? Mimi nilimuuliza jirani yangu, mtu msomi, naye akazipanga ngazi kinyume.

Kwa Hidaya, sifa lazima zitolewe. Taarifa zilitolewa mapema na zilirudiwa, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na kimbunga kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kilikuwa kikipungukiwa nguvu. Hata hivyo mvua yake iliibomoa barabara ya kusini pale Somanga, na Lindi ikakatika na Dar es Salaam. Watu walisikia na wengi walitii. Yumkini walitii kwa sababu safari hii redio iliacha kibwagizo chake. Jioni zile haikusema mabadiliko kidogo.

Jambo linalonisumbua ni kusi la kawaida, lisilo na jina wala lisilotajwa magazetini. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja ilizama karibu na Chumbe, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Wasomaji wa visiwani hamhitaji mgeni kuwasimulia msiba ule. Wala sidai kwamba neno lingeiokoa meli. Vyombo huzama kwa sababu nyingi, na hewa ni moja tu kati ya hizo. Ninachodai ni kidogo zaidi. Tangazo la kawaida la hatari husema upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, na tangazo la siku nyingine zote husema makubwa kiasi, na kati ya mita 2 ya tangazo la kwanza na mita 2.5 ya kiasi kuna mahali maneno yamepandiana. Mahali hapo mwenye ngalawa anaachwa peke yake na masikio yake.

Kwa hiyo nimeanza kazi ambayo hakuna aliyeniagiza. Ninakifasiri kipimo cha Beaufort kwa Kiswahili, si kutoka katika kasi zake bali kutoka katika matanga yake, na ile meli ya vita nimeibadilisha nikaweka ngalawa. Kila ngazi naitungia ubeti mmoja, kwa bahari ya mizani 16, ili uweze kukaa kifuani. Hii ni ya 6, niliyoweza kuitunga nikiwa Ruanda kwa sababu dalili zake zinaonekana hata uwani kwangu:

Ukisikia mluzi, kwenye nyaya za uwani,
Na mwavuli huuwezi, wakutoka mkononi,
Si wa kuendea kazi, upepo huo wa pwani,
Ngalawa i mchangani, na tanga limeshakunjwa.

Za juu ya hapo si ngumu, kwani kuanzia 7 kwenda mbele maana ni moja, kaa nyumbani, na mshairi hana la kufanya ila kubadilisha vina. Za chini pia zimekubali. Shwari ipo, na vipepo vile vya kwanza vinavyokunja ngozi ya maji pasipo kulijaza tanga tayari vina maneno yake mengi pwani, mengine mazuri kuliko ya Beaufort. Kazi imekwama katikati, kwenye 5, kilomita 29 hadi 38 kwa saa. Ndiyo namba isomwayo redioni mara nyingi zaidi wakati wa kusi, na ndiyo ile ya boti yangu ya Julai. Nchi kavu, vitabu vinasema, miti midogo yenye majani huanza kuyumba, na hilo nimeliona. Baharini mawimbi huwa ya wastani, yenye povu jeupe vichwani. Ila sijui nahodha wa ngalawa aliyekwisha kuwa nje upepo huo ukimkuta hulifanyaje tanga lake: hulipunguza, huliacha likapepea, hugeuza akarudi na kusi mgongoni, au huendelea tu akimweka mwenzake juu ya mrengu kuwa uzani. Kamusi hazisemi, na yule mzee wa kofia ya vito sikumwuliza jina wala kwao.

Ubeti wa 5 kwa hiyo una mshororo mmoja tu ulioandikwa, nao ni wa mwisho. Mitatu ya juu nimeiacha wazi. Msomaji wa Nungwi, Mkokotoni, Wete au Jibondo aliyewahi kukutwa na upepo huo akiwa na tanga mkononi, naomba aniandikie kupitia kwa mhariri, ataje kitendo na jina lake kama wanavyolitamka kwao, hata kama halimo katika kamusi yoyote. Kusi linaanza tena Aprili.